Ukuta wa saloni nao uandikwe kwenye fomu

Mwisho wa mwezi wa kumi, mtoto wa kamarade mmoja alirudi toka masomo na uso wa plastiki: meno marefu, damu ya rangi kwenye mdomo. Kwenye shule yake ya kulipa walifanya Halloween, ile sikukuu ambayo Wairlandi waliipeleka Marekani, na Marekani sasa inatutumia siye kwa sinema na kwa telefone. Magaribi umeme ukakatika. Mtoto akajificha nyuma ya bifeti, nkambo wake alipopita akamrukia. Nkambo akapiga kelele: «Weye! Batumbula banafika!»

Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akauliza: «Batumbula ni banani?»

Siye wakubwa hatukucheka sana. Asubuhi ile ile watu walikuwa wamepita mu kambi, bila uso wa plastiki, na kopo ya rangi nyekundu na burushi. Walichora msalaba kwenye kila nyumba ya ile mistari miwili inayotazama shimo la mugodi. Nyuma ya wale wa rangi wakaja wale wa fomu.

Fomu hiyo siye wa sendika tumeisoma, mbele na nyuma. Inauliza matofali ya namna gani, mabati mangapi, milango mingapi, madirisha mangapi, musala wa ndani ao wa nje, miti ya matunda mingapi. Muembe mmoja uko na bei yake, mparachichi uko na bei yake. Hiyo ni vizuri, hatukatai. Lakini mwisho wa fomu kuko mstari mmoja unaosema «Maelezo mengine», mrefu sawa kidole, na kwenye nyumba zote tulizofuata mstari huo ulibaki mweupe. Kijana mwenye kuandika alisimama katikati ya saloni, akahesabu madirisha, akatoka. Kile kilichokuwa kwenye ukuta hakukitazama.

Tunaandika juu ya ukuta ule.

Wenzetu wasiokulia mu kambi wanafikiri nyumba ya kambi ni sanduku tu: zote sawa, zimepangwa sawa askari, zimepewa nambari. Ni kweli zilijengwa vile. Mwisho wa miaka ya 1920, wakati Union Minière ilipoona kwamba mutu wa kazi asiye na bibi anakimbia mbio, ilibadilisha mpango: ikaanza kuleta wanaume pamoja na bibi zao, wakae, wazae, watoto nao waingie kazini kesho. Nyumba ilikuwa kamba ya kutufungia. Mkubwa wa kambi, yule ambaye wazee walimuita Tshanga-tshanga, alikuwa na haki ya kuingia kuangalia kama kuko uchafu, kama kuko mugeni. Nambari ya mlango na nambari ya mutu wa kazi zilikuwa kwenye daftari moja.

Lakini sanduku likiisha kupewa mama, halibaki sanduku. Mbele ya Noeli kila nyumba ilipakwa. Chini, pale mvua inaporusha matope, ilikuwa nyeusi ao nyekundu ya giza; juu, kila mutu alichagua mwenyewe, na ndio mashindano yalianza. Mama wa nyumba ya kwanza akipaka rangi ya maji ya bahari, mama wa nyumba ya pili alingoja siku tatu, kisha akapaka ya manjano. Ndani, bitambaa bya kushona kwa sindano ndogo juu ya kila kiti, juu ya redio, juu ya bifeti, hata juu ya kopo ya unga. Kazi hiyo bamama waliifundishwa kwenye fwaye sosiale, na siye watoto tulijua hesabu ya adabu: ukitia mkono mchafu kwenye kitambaa cha kiti cha baba, utalala na njaa. Kwenye ukuta, picha ya ndoa, medali ya baba ya miaka mingi ya kazi, kalenda ya mwaka uliopita (kalenda haitupwi kama picha yake ni nzuri). Na katikati, pale ambapo mugeni akikaa macho yake yanafika kwanza, picha ya kupaka.

Kwanza juu ya picha zile, maana vijana wengi hawajaziona. Miaka ya 1960 na 1970, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kipushi, wapakaji walipita na picha chini ya kwapa, mlango kwa mlango. Walipaka kwenye gunia la unga lililonyooshwa kwenye mbao. Bei yake haikuwa ya watajiri, ilikuwa ya mutu wa mugodi mwenye kupata mshahara mwisho wa mwezi. Mambo yake yalijulikana. Kulikuwa Mamba Muntu, yule mwanamuke wa mayi mwenye mkia wa samaki, kichana kwa mkono na saa kwa mkono, anayeleta utajiri na kuomba malipo mazito. Kulikuwa Inakale: mutu amepanda mti, chini simba, kwenye mayi mamba, juu nyoka. Kulikuwa Lumumba amefungwa mikono. Na kulikuwa Colonie Belge: bendera, mzungu na kiko, mfungwa amelazwa chini, askari mwenzetu anampiga fimbo, na bamama wamesimama pembeni wakibeba chakula cha wafungwa.

Picha za namna hiyo watu wenyewe waliziita ukumbusho. Neno hilo halikutungwa na mwalimu wa chuo kikuu. Lilisemwa saloni, mugeni akiuliza «hii ni nini?» na baba akianza kueleza, na siye watoto chini kwenye mukeka tukisikiliza hadisi ile ile mara ya mia. Wengi wetu hatukufundishwa ukoloni masomoni. Tulifundishwa na ukuta.

Mmoja wa wapakaji hao ni Tshibumba Kanda Matulu, mutoto wa hapa, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1947, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Élisabethville. Mwaka 1973 na 1974 alikutana na mwalimu Johannes Fabian aliyekuwa anafundisha chuo kikuu, na kwa ajili yake akapaka historia yote ya inchi, picha 101, na kila picha akaieleza kwa Kiswahili chetu hiki. Leo picha zile ziko Amsterdam, Uholanzi, kwenye makumbusho ambayo zamani yaliitwa Tropenmuseum. Ziko fasi kavu, zimeandikwa nambari, kuko mutu analipwa kuzichunga. Hatuna kinyongo. Zingebaki kwetu labda mchwa wangezikula. Ila tunauliza: gunia la unga lililopakwa lina bei huko mbali, sasa ukuta ambao uliitundika ndugu yake kwa miaka 40, namna gani bei yake ni sifuri?

Sasa ile ya batumbula, juu mtoto aliuliza.

Tshibumba aliwapaka pia, kwenye picha iliyoitwa Simba Bulaya, simba wa Ulaya. Wazee walisema hivi: usiku, wakati wa wazungu, zaidi wakati wa vita ya 1940, kulikuwa watu waliotumwa kukamata wengine. Walikuwa na torshi. Mwangaza ukikupiga macho, nguvu inakuisha, akili inalala. Wanakupeleka fasi imefungwa, wanakulisha mpaka unanenepa, unageuka nguruwe, mwisho unaingia kwenye kopo na mzungu anakula. Ndiyo maana hatukutembea magaribi peke yetu. Ndiyo maana mama akiona gari inasimama bila sababu alituita kwa majina yote. Tulikuwa miaka ya 1980, wazungu wengi walikuwa wamekwenda, kampani ilikuwa ya Serikali tangu 1967, lakini batumbula walikuwa bado hawajapata retrete.

Tulipokuwa wakubwa kidogo tulicheka hadisi ile, tukisema ni ujinga wa wazee. Leo tuko na miaka 40 na zaidi, tumeshakaa kwenye meza za mazungumzo, na hatuiite tena ujinga. Baba anashuka chini ya udongo, anarudi kila siku na nguvu kidogo kuliko jana, na kile kinachotolewa kwake kinapanda treni kwenda kuliwa fasi asiyoijua. Mutu anayeishi vile, akisema usiku kuko watu wanatugeuza nyama ya kopo, anaeleza mshahara wake kwa njia nyingine. Hadisi ya Halloween mtoto aliyoleta ni ya kununua uso dukani. Ya kwetu ilikuwa na jina la kambi ndani yake, jina la barabara, na jina la mutu aliyepotea.

Na ilikuwa na nyumba. Hapo ndipo tunataka kufika. Usiku, nje kulikuwa batumbula, ndani kulikuwa lampi, rangi ya manjano, bitambaa bya mama. Saloni ilipambwa ili mutu ajue kwamba amefika.

Tutaleta kisa kimoja cha kwetu, tusiseme paka mambo ya wote. Mwaka 1992, wakati jirani zetu wa Kasai walipofukuzwa Likasi, na maelfu wakalala kwenye gare wakingoja treni, mama wa nyumba ya pembeni alikuja kwetu usiku na Mamba Muntu yake, ameifunga ndani ya kitenge. Bwana wake alikuwa fundi wa kuchomelea, miaka mingi timu moja na baba yetu. Akasema: «Mutanichungia hii. Ntarudia kuikamata.» Baba hakupenda Mamba Muntu, alisema inaleta mambo mabaya nyumbani. Lakini aliitundika, akang'oa Inakale yetu ili kuipa fasi. Mama yule hakurudia. Hatujui kama alifika Mwene-Ditu ao Mbuji-Mayi, hatujui kama yuko hai. Picha iko bado kwenye msumari ule ule. Akirudia leo yeye ao mutoto wake, kitu kimoja tu anajua cha kutafuta: nambari ya mlango wetu. Na mlango wetu uko na msalaba mwekundu.

Kijana wa fomu, tulipomueleza, alisikiliza kwa adabu. Akasema: «Baba, picha unaweza kuhama nayo.» Ni kweli. Lakini tuihamishie nambari gani?

Majengo mengine yamekwenda bila msalaba hata mmoja. Mulima mweusi wa Lubumbashi, ule wa mabaki ya tanuru pembeni ya shimeni, ambao kila mpakaji aliupaka akitaka kuonyesha mji wetu, tangu miaka ya 2000 unarudishwa motoni kutoa kobalti, na kila mwaka ni mdogo. Kambi nyingi zilikuwa na serkele, fasi ya sinema ya Jumamosi, fwaye ya bamama. Nyingine zimekuwa kanisa, nyingine depo ya simenti, nyingine zimebaki kuta nne na majani. Mwaka 2003, wakati watu 10.655 wa Gécamines walipotoka kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipwa na feza za Banki ya Dunia, baba wengi walikuwa na deni la miezi mingi na hawakuwa na kitu cha kuuza isipokuwa kile kilicho juu ya kichwa chao. Mabati yakauzwa. Milango ikauzwa. Kuko nyumba iliyokuwa saloni nzuri kuliko zote kwenye barabara yetu. Leo ni fasi ya kuanika unga.

Na tusikimbilie kusema ni wengine tu wanabomoa. Kasulo, Kolwezi, mwaka 2014, mutu alichimba kwenye lupangu yake akakuta eterojeniti, jiwe la kobalti. Mbele ya mwaka kuisha, watu walikuwa wanachimba ndani ya nyumba zao wenyewe. Waliondoa mukeka, wakavunja simenti, shimo likaanzia katikati ya saloni, pale pale ambapo mugeni alikuwa anakaa. Wengi wa wachimbaji wale ni watoto wa kambi, watoto wetu. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ikazungushiwa ukuta, familia zikahamishwa. Hatuwahukumu, kwa sababu tunajua bei ya gunia la unga na tunajua mtoto anayefukuzwa masomo kwa kukosa feza. Ila tulikuwa hapo, na siye wa sendika hatukusema kitu. Tulisema: wale si wanamemba wetu, hawana kontra. Leo msalaba unaingia kwenye nyumba za wenye kontra, na tunawaomba wale wa Kasulo watueleze namna walivyohesabiwa. Haya yetu tunaimeza.

Tuko na kosa lingine. Miaka iliyopita, kwenye mazungumzo na mwajiri mmoja juu ya kuhamisha mistari mitatu ya nyumba, delegasyo yetu ilipigania bei ya bati mpaka saa sita ya usiku, na tukashinda. Tukarudi tukiimba. Bamama wakatuuliza: «Na fasi mpya, iko barza?» Hatukuuliza. Haikuwa barza. Nyumba mpya zilikuwa za bloku, na vyumba vingi kuliko za zamani, lakini mlango ulifunguka moja kwa moja kwenye jua, bila fasi ya mama kukaa jioni akichagua sombe na kusalimia watu. Mwaka haukuisha, kila familia ilikuwa imejenga barza yake kwa miti na hema, kwa feza zake yenyewe. Tulisaini bila kumuuliza mutu aliyejua nyumba.

Makamarade kadhaa wanatukatalia. Mmoja alisema kwenye mkutano, na wengi wakapiga makofi: «Watu wanakosa dawa, kontra ya miezi mitatu mitatu inatuua, na munaongea bitambaa?» Anastahili jibu. Tunajibu kwamba mwajiri anaanza kupunguza pale tunapoona haya kudai. Akijua kwamba rangi, plafon, barza, simenti ya lupangu, kisima kilichochimbwa na familia ni «upuuzi wa bamama», tayari ameondoa kazi ya miaka 30 kwenye hesabu bila kubishana. Plafon ile haikutolewa na kampani. Ilinunuliwa kidogo kidogo, panel moja kila Noeli. Ni mshahara wetu uko pale juu, umepigwa misumari.

Mzee mmoja wa retrete naye alikataa, kwa sababu nyingine, na ile ilitupiga zaidi. Alisema: «Zile nyumba bazungu balizijenga kwa kutufunga. Acheni zianguke.» Baba yake alikuwa kwenye kiwanja cha mpira Lubumbashi tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1941, siku ambayo wafanyakazi walikusanyika kuomba mshahara, askari wakapiga masasi, Léonard Mpoyi akaanguka na wengine wengi pamoja naye. Mutu kama huyo hatuwezi kumfundisha ukoloni. Tulimuuliza tu: mzee, hadisi hiyo baba yako alikuelezea wapi? Akanyamaza. Akasema: «Mu saloni.» Colonie Belge, na fimbo yake na bendera yake, ilitundikwa ndani ya nyumba iliyojengwa na Wabelgiji, na Tshanga-tshanga wa siku zile hakuwa tena na nguvu ya kuing'oa. Kwa sababu hiyo tunataka nyumba moja ibaki. Si kwa kumshukuru aliyejenga.

Sheria ziko. Kode ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inalazimisha kampani kulipa na kupanga upya watu inaowahamisha, na regleman yake iko na aneksi nzima juu ya kuhamisha na kulipa. Tangu tarehe 15 mwezi wa tatu 1971 inchi iko na ordonansi-sheria nambari 71-016 ya kulinda mali ya utamaduni. Tumezoea kufikiri kwamba hiyo ya pili ni ya masanamu ya zamani na ya majengo makubwa, katedrali, teatre, nyumba za magavana. Hakuna aliyetukataza kuiombea nyumba ya vyumba viwili na jiko la nje. Ni siye hatujaomba.

Kwa hiyo tumeandika barua, na wasomaji wajue kilicho ndani yake mbele ya kuisikia kwenye barabara ikiwa imegeuzwa. Tunadai kwamba hakuna nyumba itakayohesabiwa kama mama mwenye nyumba hayuko, hata kama bwana ameshasaini. Kila chumba kipigwe picha, kuta zote nne, na familia ibaki na kopi. Kile ambacho familia iliongeza kwa mkono wake kiandikwe mstari kwa mstari na kiwe na bei, barza kwanza. Nambari ya zamani ya mlango iandikwe kwenye mlango mpya, chini ya ile mpya: inaomba kopo ndogo ya rangi tu, na rangi tumeona kwamba wanayo. Na kwenye mistari ile miwili nyumba moja isibomolewe. Wachague iliyo mbali na shimo kama wanaogopa mitetemeko ya mina. Tutaipamba siye wenyewe.

Mwajiri ameshajibu kwa mdomo kwamba nyumba ya ukumbusho «haiko kwenye bajeti». Hatujaomba feza ya nyumba hiyo. Tumeomba tu katapila ipite pembeni. Jibu la maandishi tunalingoja, na mbele lifike hakuna delege wa kwetu anayesaini fomu hata moja. Anayetaka kusaini peke yake, aje kwanza atueleze uso kwa uso.

Kazi ya sasa iko kwenu, zaidi bamama. Jumamosi, saa tisa ya mchana, tunakutana pale palipokuwa fwaye, kwenye kivuli cha ukuta uliobaki. Kila familia ya mistari ile miwili ilete picha ya saloni yake, hata ya telefone, hata ya ndoa ambayo ukuta unaonekana kidogo nyuma ya maharusi. Wenye picha za kupaka wasizilete, mvua imeanza. Tutapita nyumba kwa nyumba kuziandika. Wazee mnaojua jina la mpakaji, tusemeni. Na kama kuko mutu Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi ao kwingine anayesoma ukurasa huu, na mama yake aliacha Mamba Muntu kwa jirani mwaka 1992 ndani ya kitenge, iko. Aulize ofisi ya sendika, atuambie rangi ya kitenge kile, na tutaifungua msumarini.